Wanawake 50 wa Fort Jesus

Ukiingia Fort Jesus, Mombasa, kwanza unashangaa unene wa kuta. Nje jua linachoma. Langoni kuna kivuli. Halafu unatokea uani, kwenye miti na mizinga, na ni vigumu kuamini kwamba hapa palikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958.

Shuleni tulikariri: Wareno walianza kujenga 1593, ramani ikichorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaizingira ngome Machi 1696, wakaiteka Desemba 1698. Unajaza mtihani, unapata alama zako, basi.

Mimi nilikwama mbele ya vyombo vya makumbusho vilivyotolewa baharini, kauri ya Uchina ikiwemo. Vilikuwa ndani ya Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama karibu na ngome mwaka 1697. Wazamiaji waliichimbua miaka ya 1970.

Meli hiyo ilitoka Goa kuja kuwaokoa waliozingirwa. Sasa jiulize: ilikuja kumwokoa nani?

Kufikia mwisho wa Agosti 1697, maradhi yalikuwa yamewamaliza Wareno. Kapteni wao naye alikuwa amekufa. Aliyeishika ngome ni Bwana Daud wa Faza, Mswahili kutoka kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika wapatao 50. Piga hesabu. Karibu thuluthi mbili ya watu waliobaki ndani walikuwa wanawake! Walishikilia hadi meli ilipofika Septemba.

Siwafanyi mashujaa wa taifa. Huenda wengine wao walikuwa watumwa, wakilinda ngome ya waliowamiliki. Na Waomani waliokuwa nje hawakuja kumkomboa mtumwa yeyote. Lakini ngome ilibaki mikononi mwao, na mtihani wetu haukuwahi kuwauliza.

Humo ndani kuna pia michoro ya ukutani, ya mkaa na rangi nyekundu: meli, makanisa, watu. Inaaminika ilichorwa na Wareno waliokuwa zamu. Hata askari asiye na jina ameacha mkono wake ukutani. Wanawake wale, mimi nimewapata kama nambari tu.

Ukienda, piga selfie zako na mizinga, hakuna shida. Kisha panda upande unaotazama bahari, usimame kidogo. Huko ndiko ilikotokea meli waliyokuwa wakiingoja.