Yai linalosubiri mvua katika tope la Katuma

Kiangazi kikikolea, Mto Katuma hukauka hadi viboko hubanana kwenye vidimbwi vichache vya tope ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kwingineko bondeni, madimbwi ya msimu hubaki udongo mkavu uliopasuka nyufa. Chini yake wamo samaki hai, ila bado ni mayai, kila moja dogo kama punje ya ulezi. Wazazi walikufa maji yalipokwisha.

Mwaka 2012, mwaka uleule Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa, Mwitaliano Stefano Valdesalici aliwapa samaki wawili wa bonde hili majina ya kisayansi: Nothobranchius kardashevi na Nothobranchius ivanovae. Ndugu yao wa Zanzibar, Nothobranchius guentheri, alishaandikwa tangu 1893.

Lakini yai linawezaje kungoja? Mwaka 1972 John Wourms alionyesha, kwa samaki wa aina hii wa Amerika Kusini, kwamba kiinitete kinaweza kusimama katika hatua 3. Ya katikati ndiyo inayonistaajabisha: kichwa kimeshaumbika, moyo umeanza kudunda, kisha ukuaji wote unatulia kwa miezi.

Ufunguo wa utulivu huo ulikwisha kupatikana kwingine kabisa. Mjini Seattle, 1955, Edmond Fischer na Edwin Krebs walikuwa wakichunguza misuli. Waliona kimeng'enya kikiamka kinapobandikwa fosfeti, na kutulia fosfeti inapobanduliwa. Seli haihitaji kuunda protini mpya. Inaibandika protini iliyopo alama, nayo inabadili kazi. Walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1992.

Alama hiyo hupokezwa kama kijiti. Homoni ya jamii ya insulini hugusa kipokezi kwenye utando wa seli, vimeng'enya hubandikana fosfeti kimoja baada ya kingine, hadi protini iitwayo FOXO nayo inabandikwa na kutolewa nje ya kiini. Mwaka 2017, huko Portland, Marekani, Jason Podrabsky na mwenzake walizuia kipokezi hicho kwa dawa katika mayai ya samaki wa Venezuela. Viinitete vilivyokuwa vikielekea kukua moja kwa moja vikashika njia ya usingizi.

Mayai hayaamki yote kwa pamoja, na hapo ndipo uhai wa ukoo ulipo. Mvua za kwanza zikidanganya, wanaoanguliwa hufa dimbwi likikauka tena, ilhali wenzao bado wamelala udongoni. Masika ikishika kweli, hao nao hupasua ganda, hukua kwa wiki chache, hutaga mayai topeni.