Breki: Historia Yake na Dalili za Ubovu Wake

Watu husifu motokaa kwa mwendo. Husema gari hili lina nguvu, lile lapanda mlima bila kuguna, na jingine limewaacha wenzake nyuma. Ni wachache wasifuo breki. Walakini motokaa isiyoweza kusimama si chombo cha safari. Ni jiwe lililoporomoshwa mlimani, na maisha ya waliomo na walio njiani yamo hatarini. Mwendo humfikisha msafiri mapema, lakini breki ndiyo imfikishayo mzima.

Historia ya breki ni historia ya ubovu uliotambuliwa. Karibu kila sehemu ya breki za leo ilizaliwa kwa sababu breki za zamani zilishindwa mahali fulani, na mtu akajiuliza chanzo cha kushindwa huko. Basi ajifunzaye historia hii hujifunza mambo mawili kwa pamoja: jinsi chombo kilivyoendelea, na jinsi ya kutambua ugonjwa wake kwa dalili. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Breki nazo zina mawingu yake.

Kwanza yafaa kujua kazi ya breki ni nini. Gari linalokwenda lina nguvu ya mwendo, na nguvu hiyo haiwezi kupotea bure. Hapana budi igeuke kuwa kitu kingine. Breki huigeuza kuwa joto kwa njia ya msuguano. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuzimwa huongezeka mara nne. Msomaji alikumbuke neno hili joto, maana ndilo adui wa kwanza wa breki tangu zamani hata sasa.

Mwezi wa Agosti mwaka 1888, Bertha Benz wa Ujerumani aliondoka Mannheim pamoja na wanawe wawili, akaendesha motokaa iliyoundwa na mumewe, Karl Benz, hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Hapakuwa na mtu aliyewahi kusafiri mbali hivyo kwa chombo cha namna ile. Breki zake zilikuwa vipande vya mti vilivyobanwa juu ya gurudumu, na katika miteremko vililika upesi mno. Mama yule hakuridhika kusema kuwa breki ni mbovu. Aliona kwamba mti ndio uliokuwa ukila hasara, akamwendea fundi viatu amfunikie vipande vile kwa ngozi. Hivyo breki ilipata bitana lake la kwanza. Tendo hili lilikuwa dogo, lakini lilikuwa na hatua zote za utambuzi mwema: kuona dalili, kutafuta chanzo, na kutibu chanzo chenyewe.

Ngozi haikutosha kwa muda mrefu, kwani huungua. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianza kutengeneza mabitana bora, na kampuni yake ya Ferodo ikapata sifa duniani. Baadaye watengenezaji walichukua asbesto, madini yenye nyuzi yasiyoungua kwa urahisi. Asbesto ilishinda joto, lakini vumbi lake lilileta maradhi mabaya ya mapafu, ikiwemo saratani. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, na nchi nyingi zimefanya vivyo hivyo. Hata leo fundi mwenye busara hapulizi vumbi la breki kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu. Dawa ya ubovu mmoja yaweza kuwa chanzo cha ubovu mwingine.

Tatizo la pili lilikuwa usawa. Motokaa za mwanzo zilikuwa na breki za magurudumu ya nyuma tu, nazo zilivutwa kwa fito na kamba za chuma. Breki zilipotiwa katika magurudumu yote manne, ilikuwa kazi ngumu kuzisawazisha. Kamba moja ikilegea kidogo, gurudumu moja lilishikwa kuliko mengine, na gari likavuta upande. Mwamerika Malcolm Loughead alitafuta dawa katika elimu ya zamani. Katika karne ya 17 Blaise Pascal wa Ufaransa alikwisha kueleza kwamba maji au mafuta yaliyofungwa chomboni yakisukumwa mahali pamoja, msukumo huo hufika kila mahali kwa kadiri ile ile. Loughead alitumia kanuni hiyo kwa breki: dereva akikanyaga, mafuta husukumwa katika mabomba, na kila gurudumu hupata haki yake. Mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ya Marekani ilikuwa ikitoa motokaa yenye breki hizo katika magurudumu yote manne. Mwaka 1924 Chrysler ikazitia katika gari la bei nafuu zaidi.

Mafuta yalileta faida kubwa pamoja na dalili mpya. Mafuta hayabonyei, bali hewa hubonyea. Hewa ikiingia katika mabomba, kanyagio huwa laini kama sifongo, na mguu huzama kabla gari halijashikwa. Tena mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za sentigredi. Yakisha kunyonya unyevu mwingi, kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 155. Katika mteremko mrefu breki hupata moto, mafuta machakavu huchemka, mvuke hukaa mahali pa mafuta, na kanyagio hufika sakafuni bila jibu. Dereva husema breki zimekatika ghafula. Kwa kweli hazikukatika ghafula. Zilianza kukatika siku mafuta yalipopitisha muda wake wa kubadilishwa, nao aghalabu ni miaka miwili.

Ikiwa dereva anakanyaga huku gari limesimama na kanyagio linazama polepole chini ya mguu, hiyo ni dalili nyingine. Huenda mafuta yanavuja nje, au mipira iliyomo katika silinda kuu imechakaa, mafuta yakirudi nyuma kwa ndani. Fundi atazame magurudumuni na chini ya gari. Akikuta pakavu, asiseme hapana ubovu, bali aishuku silinda.

Sasa tuutazame ushindi wa diski. Tangu mwaka 1902, Louis Renault alipotumia breki ya ngoma, motokaa nyingi zilisimamishwa kwa viatu vya breki vinavyotanuka ndani ya ngoma ya chuma. Ngoma huficha joto ndani yake. Ikipata moto sana hutanuka, ikajitenga na viatu vyake, na bitana likapoteza mshiko. Mwaka huo huo wa 1902 Mwingereza Frederick Lanchester alipata hati ya uvumbuzi wa breki ya diski, yaani sahani inayozunguka na gurudumu na kubanwa pande mbili. Wazo lake lilikuwa jema, lakini vifaa vya wakati ule havikulistahimili. Zilipiga kelele na kulika upesi. Lilingoja nusu karne. Mwaka 1953 motokaa za Jaguar zenye breki za diski zilizotengenezwa na Dunlop zilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Mshindi alikwenda kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa, jambo lisilopata kutokea pale. Hakushinda kwa injini peke yake. Wenzake walilazimika kukanyaga breki mapema kabla ya kona, na yeye aliweza kungoja, kwa kuwa diski iko peupe na upepo huipoza.

Diski ina lugha yake. Breki zikitoa mlio mwembamba kila zikanyagwapo, aghalabu ni kipande cha chuma kilichotiwa kwa makusudi katika pedi ili kilie pedi ikikaribia kwisha. Huyo ni mwonyaji. Asiyemsikiliza atasikia baadaye mkwaruzo mzito wa chuma juu ya chuma, nao utaharibu diski pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kanyagio likitetemeka katika breki za kawaida, yamkini diski haina unene sawa. Gari likivuta upande, huenda pistoni ya upande mmoja imekwama, au mafuta yamemwagikia pedi. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine baada ya safari fupi, huenda breki yake haiachi.

Kuna wakati kanyagio ni gumu kama jiwe. Motokaa nyingi zina mtambo wa kumsaidia dereva kwa nguvu ya ombwe. Mtambo huo huweza kupimwa bila chombo chochote. Gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imezimwa, kanyaga mara kadhaa hadi kanyagio liwe gumu, ulishike, kisha uwashe injini. Likishuka kidogo, msaada upo. Lisiposhuka, kumepatikana pa kuanzia.

Somo la joto tunalo hata hapa kwetu. Katika mteremko wa Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ajali nyingi za malori zimewahi kutokea. Lori lililojaa shehena likishushwa kwa breki peke yake, au likiachwa lijiendee bila gia ili kuokoa mafuta, joto hujikusanya hadi breki zichoke. Dereva mwerevu huingiza gia ya chini kabla ya kuanza kuteremka, injini ikamsaidia kulizuia gari, na breki zikabaki na nguvu kwa haja ya dharura.

Hofu nyingine ya zamani ilikuwa bomba kupasuka na kuziua breki zote kwa mara moja. Kanuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1968 ililazimisha motokaa mpya kuwa na njia mbili za mafuta, ili moja ikifa nyingine ibaki. Mwaka 1978 Mercedes-Benz ilianza kutoa mtambo wa ABS uliotengenezwa na Bosch. Vihisi hupima mzunguko wa kila gurudumu, na likitaka kufunga na kuteleza, mtambo hulegeza na kushika mara nyingi kwa sekunde moja. Wakati huo kanyagio hutetemeka, na mtetemo huo si ubovu. Dereva asiondoe mguu.

Kwa sababu hiyo motokaa ya leo ina kompyuta iwezayo kuhifadhi namba za hitilafu na kuwasha taa mbele ya dereva. Taa nyekundu yaweza kusema mafuta yamepungua au breki ya mkono haijaachiliwa. Taa ya ABS husema mtambo ule umejizima, ingawa breki za kawaida aghalabu zingali zikifanya kazi. Lakini namba huonyesha mahali pa kutafuta tu. Ikitaja kihisi cha gurudumu la kushoto, huenda waya umekatika, au matope yamekifunika, au kihisi chenyewe kimekufa. Fundi anunuaye kihisi kipya kabla ya kuutazama waya hajatambua. Amebahatisha kwa fedha za mtu mwingine.

Mpango wa utambuzi basi ni ule ule wa mama Benz. Fundi amwulize dereva: ubovu ulianza lini, katika mwendo gani, breki zikiwa baridi au moto? Kisha atazame kiasi cha mafuta, unene wa pedi, mabomba na mipira. Kisha ajaribu kwa mwendo mdogo mahali salama. Mwisho ndipo afungue. Afunguaye kwanza hupoteza ushahidi.

Vijana wengi wasomao kurasa hizi wataendesha gari siku moja, na baadhi yao watakuwa mafundi. Wote watakuwa abiria. Yafaa wajue kwamba breki mara nyingi huonya kabla ya kushindwa: hulia, hulainika, huvuta, hutetemeka, huwasha taa. Zaidi ya miaka 130 watu wamefanya kazi ili maonyo hayo yasikike. Kazi hiyo yote hupotea bure dereva anapopandisha sauti ya redio ili asisikie mlio.