Kutoka Herufi za Kiarabu hadi Herufi za Kirumi: Badiliko la Maandishi na la Mamlaka, 1890–1940

1. Utangulizi



Vitabu vingi vya historia ya Kiswahili hulitaja badiliko la herufi kwa sentensi moja au mbili, kana kwamba ni jambo la ufundi tu, mfano wa mtu aliyeiweka kalamu ya mwanzi akashika ya chuma. Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba badiliko hilo lilikuwa miongoni mwa mageuzi makubwa ya kijamii ya mwanzo wa karne ya ishirini. Lilihamisha cheo cha usomi kutoka kwa mwalimu wa chuoni na kukipeleka kwa karani wa ofisini. Kwa muda wa takriban kizazi kimoja, watu waliokuwa wasomi walijikuta wakihesabiwa kuwa wasiojua kusoma, nao hawakuwa wamesahau hata herufi moja.

2. Hali ilivyokuwa

Kiswahili kilikuwa kikiandikwa muda mrefu kabla ya kuja kwa wakoloni wa karne ya kumi na tisa. Zipo barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, ambazo zimehifadhiwa Goa, nchini India. Ipo pia nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728. Wala maandishi hayakuwa ya wanaume peke yao: Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi maarufu mwaka 1858. Herufi za Kiarabu ndizo zilizobeba barua za biashara, wasia, mikataba na hukumu za makadhi.

Hata hivyo, haifai kuzisifu herufi hizo kupita kiasi. Irabu za Kiarabu hazitofautishi *i* na *e*, wala *u* na *o*. Herufi moja mara nyingi ilisimama kwa *b*, *p* na hata *mb*. Baadhi ya wanakili waliziba pengo hilo kwa kuazima herufi za Kiajemi, lakini hapakuwa na kanuni moja iliyofuatwa na wote. Msomaji alitakiwa kuijua lugha vizuri kabla ya kulisoma neno. Kwa mzawa wa pwani huo haukuwa mzigo mkubwa. Kwa mgeni ulikuwa kama mlango uliofungwa.

3. Serikali ya Kijerumani na herufi

Wamisionari walikuwa wametangulia kutumia herufi za Kirumi, tangu Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844. Lakini serikali ya Kijerumani ilipoanza kutawala, haikuwa na budi kuandikiana na maliwali na maakida kwa herufi walizozijua wao. Ndiyo maana mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha Ujerumani mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili katika herufi za Kiarabu, ili maofisa wapate kujifunza. Kwa muda mfupi, mtawala ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Hali hiyo haikudumu. Shule ya serikali ilifunguliwa Tanga mapema katika miaka ya 1890, na nyingine zikafuata. Shabaha yake kuu ilikuwa kupata makarani, wakalimani na walimu. Katika muongo wa kwanza wa karne ya ishirini shule hiyo ilitoa gazeti la Kiongozi, kwa herufi za Kirumi. Katika kongamano la kikoloni la Berlin la mwaka 1905 ilishauriwa kwamba herufi za Kiarabu ziachwe, na maneno yenye asili ya Kiarabu yapunguzwe katika Kiswahili. Kisha vikaja Vita vya Maji Maji, 1905–1907, na mwaka 1908 ile iliyoitwa Barua ya Makka, iliyosambaa pwani ya kusini na kuwatia maofisa hofu. Kuanzia hapo herufi za Kiarabu zilitazamwa na wengi wa watawala kuwa dalili ya upinzani.

4. Wasomi wawili

Tuwatazame watu wawili ambao maisha yao yanatuonyesha mpaka wa nyakati. Wa kwanza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyelelewa katika elimu ya chuoni. Kuanzia mwaka 1900 alifundisha Kiswahili Berlin, na maandishi yake ndiyo msingi wa *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichotolewa mwaka 1903 kwa herufi za Kirumi na kwa jina la Carl Velten kama mkusanyaji. Elimu ilikuwa ya Mtoro. Mamlaka ya kuichapisha yalikuwa ya mwingine.

Wa pili ni Martin Kayamba, aliyezaliwa 1891 na kusomeshwa na wamisionari huko Kiungani, Unguja. Yeye alikuwa karani wa serikali. Mwaka 1922 alianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1931 alikwenda London kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Herufi zilezile zilizomwondoa mwalimu wa chuoni barazani ndizo zilizompa karani ulimi wa kusema na mtawala.

5. Usanifishaji na gharama zake

Waingereza waliikamilisha kazi hiyo. Gazeti la Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923 na kusomwa hadi bara. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na mwanzoni Waafrika hawakuwa na kiti ndani yake.

Faida ilikuwepo, tena kubwa. Kiswahili kilipata tahajia moja, na mtu wa bara asiyepita chuoni aliweza kukisoma na kukiandika. Erica Fiah alipoanzisha gazeti lake la Kwetu mwaka 1937, alikuwa na wasomaji ambao hawangepatikana vinginevyo.

Lakini herufi mpya nazo zilikuwa na upungufu wake. Mathalani, Mvita hutofautisha *paa* la nyumba na *paa* wa porini kwa mpumuo wa sauti ya *p*. Tahajia sanifu huyaandika maneno hayo sawasawa. Upungufu wa herufi za Kiarabu uliitwa kasoro. Huu wa pili uliitwa kanuni. Wala wenyeji hawakunyamaza. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa huko Mombasa, gazeti la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akizungumzia elimu na mageuzi. Kwake yeye herufi hizo hazikuwa za kale. Zilikuwa chombo cha usasa.

6. Hitimisho

Sishauri turudi nyuma. Herufi za Kirumi ni zetu sasa, na tumezitia kazini vya kutosha. Lakini hapana budi tukiri deni letu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina kubwa ya miswada ya Kiswahili katika herufi za Kiarabu, ambayo orodha yake ilitayarishwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1970. Mwanafunzi anaweza kuhitimu shahada ya Kiswahili bila kuweza kusoma hata ukurasa mmoja wa miswada hiyo. Hutegemea unukuzi wa watu wengine, na kila unukuzi ni tafsiri: aliyenukuu ndiye aliyeamua kama ni *e* au *i*, kama ni *p* au *b*.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na linatekelezeka. Somo la kusoma miswada hiyo liwe la lazima kwa kila anayesomea fasihi au historia ya lugha, walau kwa muhula mmoja. Bila ya hilo, tutaendelea kuwafundisha vijana kwamba maandishi ya Kiswahili yalianza pale tulipoanza sisi kuyasoma.