Risasi ya Owino Uhuru na Wakubwa wa Kiwanda

Leo hatuzungumzii chanjo wala uji. Tunazungumzia watu ambao huwaoni getini asubuhi wakati baba watoto anaingia zamu: wakurugenzi wa kampuni. Utauliza, mkurugenzi na mtoto wangu wanahusianaje? Basi sikiliza kisa cha Owino Uhuru.

Owino Uhuru ni kijiji cha Mikindani, upande ambao zamani ulikuwa eneo bunge la Changamwe na sasa ni Jomvu. Wakazi wake ni kama 3,000, nyumba zimebanana. Mwaka 2007 kiwanda cha Kenya Metal Refineries kilianza kazi ubavuni mwa kijiji, chini ya mpango wa EPZ. Kilivunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi iliyomo ndani. Moshi ukatua juu ya mabati, ambayo mvua ikinyesha ndiyo watu hukinga maji. Maji machafu yakapita walikochezea watoto.

Risasi ni madini mazito, na mwili hauyahitaji hata chembe. Mtoto mdogo huyanyonya tumboni haraka kuliko mtu mzima, naye hutambaa chini na kutia vidole kinywani. Yanapunguza damu, yanadhuru ubongo unaokua, na yakizidi huleta degedege. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi hakuna dalili, au zinafanana na za maradhi mengine: tumbo kuuma, choo kigumu, uchovu, mtoto kulialia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa hapo, mama mwenye mtoto anayenyonya. Tathmini ya mazingira aliyosimamia ilionyesha hatari, naye akawashauri wakubwa kwamba kiwanda hakifai kuwa pale. Hakusikilizwa. Kisha mwanawe akaugua, akatibiwa hili na lile bila nafuu, hadi damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Akaacha kazi, akapima watoto wengine wa kijiji, nao wakakutwa nayo. Wanakijiji wakaandamana, mwaka 2012 yeye mwenyewe alikamatwa. Kiwanda kilifungwa 2014.

Sasa turudi kwa wakurugenzi. Si kwamba sheria haikuwepo. Tangu 1951 Kenya ilikuwa na Sheria ya Viwanda, na Oktoba 2007 ikaanza Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Yaani sheria hiyo na kiwanda kile vilianza mwaka mmoja! Sheria ya mazingira ya 1999 inasema wazi kwamba kampuni ikikosa, mkurugenzi aliyejua au aliyepaswa kujua, na asichukue hadhari, naye ana kosa. Kwa maoni yangu neno zito hapo ni "aliyepaswa kujua". Msimamizi wa zamu hawezi kununua kichujio cha moshi bila pesa, na pesa huamuliwa na bodi.

Wanakijiji walikwenda mahakamani. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sehemu kubwa ya lawama, asilimia 40, iliangukia NEMA, waliotakiwa kukagua. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17.

Mama mwenzangu, kama kuna mtu nyumbani anayefanya kazi ya betri, kuchomelea vyuma au rangi, muulize: kazini kwenu kuna kamati ya usalama? Palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inaitaka. Ovaroli ibaki kazini. Ikilazimika kuja nyumbani, ifuliwe peke yake, isichanganywe na nepi, na maji yake yasimwagwe wanapochezea watoto. Aoge kabla ya kumbeba mtoto. Wape watoto chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, kama maharagwe, mchicha, omena na maziwa, maana tumbo tupu hunyonya risasi zaidi. Ukiwa na shaka, mweleze daktari mnafanya kazi gani na mnaishi karibu na nini, uombe kipimo cha damu. Usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu tu. Mwone daktari kwanza.

Kipindi kijacho tutazungumzia maji ya kisima.