Mtihani wa Kuingia Chuo Kikuu katika Mwambao wa Ziwa Viktoria

Historia ya maandalizi ya mtihani wa kuingia chuo kikuu katika mwambao wa Ziwa Viktoria haiwezi kutenganishwa na historia ya safari, kwa kuwa kwa miaka mingi elimu ya juu ilikuwa ng'ambo ya ziwa, na kijana aliyeitafuta alilazimika kuhama kwao mara kadhaa kabla hajaikaribia. Julius Nyerere alitoka Butiama mwaka 1934 kwenda kusoma Mwisenge, mjini Musoma, akafaulu na kuingia Shule ya Tabora mwaka 1937, kisha mwaka 1943 akajiunga na Makerere, chuo kilichoanzishwa Kampala mwaka 1922. Reli ya kutoka Tabora ilikuwa imefika Mwanza mwaka 1928, na bandari ya mji huo, yenye meli zilizovuka ziwa hadi Uganda, ikawa mlango wa elimu hiyo. Kila ngazi ilikuwa na mtihani wake, na kila mtihani uliwarudisha nyumbani vijana wengi wenye akili ambao kosa lao pekee lilikuwa uchache wa nafasi.

Baadaye, Tanzania ilipokuwa na chuo kikuu chake Dar es Salaam, jambo lililobadili kabisa maana ya kujiandaa liliamuliwa katika mwambao huohuo. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama kilichokuwa kikitawala Tanzania Bara, ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma, ambalo, pamoja na kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, lilikomesha desturi ya mhitimu wa kidato cha sita kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa kwanza atumikie Jeshi la Kujenga Taifa, yaani mafunzo ya lazima ya kazi na ulinzi, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na hatimaye apendekezwe na mwajiri wake pamoja na chama. Kwa karani wa ushirika wa pamba mjini Mwanza au mwalimu wa shule ya kijijini, mwenendo wake kazini ukawa sehemu ya mtihani. Wazo hilo lilikuwa na uadilifu wa kweli, kwa maana lilimkumbusha msomi deni lake kwa wakulima waliomsomesha. Lakini liliweka hatima ya kijana mikononi mwa wakubwa wake wa kazi, na liliwaumiza zaidi wanawake, ambao idadi yao chuoni ilipungua hadi wakaondolewa sharti la kufanya kazi kwanza.

Sambamba na hayo ulikuwapo mtihani maalumu wa watu wazima, uliowawezesha watu wenye umri wa miaka 25 na zaidi, ambao hawakupitia kidato cha sita au hawakupata alama za kutosha, kuomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtahiniwa wa namna hiyo alijisomea usiku baada ya kazi na malezi, akijiandaa kwa karatasi ya maarifa ya jumla na nyingine ya fani aliyoichagua, mbali na maktaba za chuo alichokililia.

Umbali huo ulipungua baadaye, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilipoanza Nyegezi, Mwanza, mwaka 1998, na chuo cha Bugando, mjini humohumo, kilipoanza kufundisha madaktari mwaka 2003 katika hospitali ambayo wakazi wa kanda ya ziwa walikuwa wakitibiwa tangu 1971.