Mbu wa Mweru na chuo kikuu cha ng'ambo

Wilaya ya Nchelenge kando ya Ziwa Mweru, pamoja na kisiwa chake cha Kilwa, ni miongoni mwa sehemu za Zambia zinazoelemewa zaidi na malaria. Maji ya kudumu yenye matete humlea Anopheles funestus, mwenezaji mkuu wa ugonjwa huo hapa.

Katika miaka ya 2010, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kiliichunguza malaria hii kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa magonjwa ya tropiki cha Ndola. Chuo hicho cha binafsi kilifunguliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1876 kwa wasia wa mfanyabiashara. Utafiti wenyewe uligharimiwa na serikali ya Marekani.

Jioni, mtego wa taa ulitundikwa kando ya kitanda chenye chandarua. Feni yake ndogo ikavuta mbu mfukoni. Asubuhi walitenganishwa kwa aina, kisha maabara ikapima vimelea. Wanakaya nao walichomwa kidole, likatolewa tone la damu.

Ilibainika kwamba mbu wa hapa ni sugu kwa dawa za pairethroidi. Kuanzia 2014 nyumba zilipuliziwa dawa ya jamii nyingine, pirimifosi-methili, ingawa malaria haikutoweka.