Mavi ya chuma ya Upangwa

Ukishika barabara ya Songea pale Makambako, mji ambao wenyeji husema jina lake maana yake ni mafahali, utapita kwenye mashamba ya chai na viazi hadi Njombe. Pale Itoni ukikata kuelekea Ludewa, unaingia nchi ya chuma. Siku hizi kikitajwa chuma cha Ludewa, mawazo yote huenda Liganga, mahali panapotajwa kuwa na tani milioni 126 za mashapo, na Mchuchuma, penye makaa ya mawe yanayokadiriwa kufikia tani milioni 428. Tangu Shirika la Maendeleo la Taifa liliposaini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mwaka 2011, habari za huko zimekuwa za mikataba, fidia na reli. Ni kana kwamba chuma cha Upangwa kiligunduliwa na wataalamu wa jiolojia.

Wapangwa, wenyeji wa Ludewa, walikuwa wanakiyeyusha kabla Mjerumani hajafika. Walichimba mawe, wakachoma mkaa, wakajenga tanuri la udongo na kukesha wakivuta mivukuto ya ngozi. Majembe yao yalitoka kwenda kwa majirani, na jembe la chuma lilitolewa mahari. Kijana asiye na jembe alikuwa na safari ndefu ya kupata mke.

Ushahidi wa kazi hiyo mara nyingi uko miguuni pa mkulima. Kipande cha mavi ya chuma, yaani taka iliyobaki baada ya kuyeyusha, ni kizito kuliko jiwe la ukubwa wake. Upande mmoja ni cheusi na kinang'aa kama chupa iliyoungua, upande mwingine kina vitundu vilivyoachwa na hewa wakati uji wa moto ulipokuwa ukipoa. Pembeni yake huenda ukaokota kipande cha mrija wa udongo, chekundu ndani, ncha yake imeyeyuka kwa kuingizwa tanurini. Huo ndio mrija uliopitisha pumzi ya mivukuto. Mkulima akivigonga kwa jembe lake huvitupa kwenye mpaka wa shamba. Simlaumu, kwani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ameshika maandishi ya babu yake.

Kazi hiyo haikufa kwa sababu mafundi walisahau. Mjerumani alianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, fedha zikatafutwa mbali na kwao. Majembe ya viwandani yakaja madukani kwa bei ambayo tanuri la kukesha halikuweza kushindana nayo. Wakati wa Mwingereza vijana wa nyanda hizi walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, wengine wakakimbilia dhahabu ya Lupa kule Chunya. Mhunzi akabaki na nyundo yake na mtoto wa kumfundisha hayupo.

Habari zao ziliandikwa, lakini wengi wetu hatuwezi kuzisoma. Mtafiti Hans Stirnimann alichapisha Uswisi mwaka 1976 kitabu kizima juu ya maisha na kazi za mikono za Wapangwa, kwa Kijerumani. James Giblin na Blandina Kaduma Giblin walitoa mwaka 2005 historia ya familia za Njombe katika karne ya 20, iliyojengwa juu ya masimulizi ya wenyeji wenyewe, kwa Kiingereza. Ni kazi za thamani. Lakini mwanafunzi wa sekondari huko Mlangali, Ludewa, anayetaka kujua babu zake waliyeyushaje chuma hana kijitabu cha Kiswahili cha kufungua.

Wapo Watanzania walioamua kutongoja. Kijiji cha Katuruka, karibu na Bukoba, kina mahali panapoitwa Kaiija, ambapo simulizi za Wahaya zinasema Mfalme Rugomora Mahe alisimamisha mnara wa chuma ili aone mbingu. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba hapo, akiongozwa na wazee waliojua kila mti, na mkaa uliotoka ardhini ukaonyesha kwamba chuma kiliyeyushwa pale karne kadhaa kabla ya Kristo. Baadaye wazee waliokuwa wameacha kazi hiyo kwa miongo mingi walijenga tanuri upya na kuonyesha jinsi ilivyofanyika. Mwaka 1978 matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Science, Marekani.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa zaidi. Ukimwi ulipopita Kagera uliondoka na wengi waliozibeba simulizi hizo. Wanakijiji wa Katuruka walipoona maktaba zao zinazikwa, waliamua wenyewe kukusanya kilichobaki na kuyatunza maeneo yao, kisha wakamshirikisha Schmidt. Waliketi pia na wanawake, ambao watafiti wa mwanzo hawakuwauliza sana, na wakasikia mambo ambayo wazee wa kiume hawakuyasema.

Hata huku kusini mifano ipo. Songea hukumbuka kila tarehe 27 Februari mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906. Iringa, boma la Mjerumani lilifunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho, kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Mkoa wa Njombe, uliozaliwa mwaka 2012, una chuma chenye historia ndefu kuliko boma lolote.

Sheria peke yake haitatusaidia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Tanuri la baada ya hapo linahitaji kutangazwa na serikali, na serikali haiwezi kutangaza kitu ambacho hakuna aliyekipeleka mezani kwake. Mwaka 2023 wananchi wa maeneo ya Liganga na Mchuchuma walianza kulipwa fidia. Wathamini huhesabu nyumba, mazao na makaburi. Rundo la mavi ya chuma halina safu yake kwenye fomu, na tingatinga likishapita hapatakuwa na wa kuulizwa.

Kwa hiyo nawaomba serikali za vijiji vya Mundindi, Amani na Nkomang'ombe: kabla mitambo haijafika, tengeni siku moja mpite mashambani na wazee, muweke alama kila penye tanuri la zamani, na nakala ya orodha ifike halmashauri na kwa Idara ya Mambo ya Kale. Walimu wa historia, wapeni wanafunzi kazi hiyo. Nawe uliyezaliwa Ludewa na sasa una duka Makambako au Dar es Salaam, likizo hii ukifika nyumbani muulize bibi yako ni wapi palipoyeyushwa chuma na jembe la mahari yake lilifuliwa na nani. Mrekodi kwa simu, kwa Kipangwa chake, na uandike jina lake na tarehe.